Kisu cha Mzee Issa na Shingo ya Tandala

Vijana wa kambi mmeniandama niandike. Mnasema mzee umestaafu, una muda, kaa hapo Chang'ombe uyaweke mambo ya porini kwenye karatasi kabla hayajakutoka. Kwanza, hayajanitoka. Pili, huo muda mnaousema mimi siuoni, kwa sababu mke wangu amegundua kwamba mtu aliyechuna nyati hashindwi kuchuna mbuzi wa kila harusi ya mtaani. Lakini nimekubali. Kila ninapokutana na mmoja wenu ananiuliza habari za wageni wakubwa na pembe ndefu, wala hakuna anayeniuliza habari za safari yangu ya kwanza, na ndiyo iliyonifunza kazi. Nikiikumbuka hata leo vidole vinaniwasha.

Nilitokea mnadani. Kwetu ni Chamwino, na kabla ya kulijua pori nilikuwa nachuna ng'ombe na mbuzi siku za mnada. Mnaujua utaratibu wetu wa machinjioni, ambao hakuna aliyewahi kuubandika ukutani na hakuna anayeuvunja: anayechinja ni Mwislamu, ili nyama iliwe na kila mtu, na anayechuna ni yeyote mwenye mkono mwepesi. Mimi ni Mgogo, Mkristo wa kuzaliwa, kwa hiyo kazi yangu ilianza pale ya mwenzangu ilipoishia. Hatukuwahi kugombana, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali jambo hilo lingeweza kuleta shida.

Siku moja akaja mnadani Bosi Minja. Alikuwa mwindaji bingwa, yaani mwenye leseni ya kuwaongoza wageni wanaokuja kuwinda, na kitalu chake cha uwindaji kilikuwa huko magharibi ya Mtera, kwenye vilima vya mawe na vichaka vinavyofungana. Mchunaji wake alikuwa ameacha kazi. Alisimama akanitazama nikimvua mbuzi ngozi, akaichukua ile ngozi, akaiinua juani kutafuta matundu. Hakuona hata moja. "Njoo safari moja," akasema. "Nikikupenda utabaki." Bosi hakuwa mtu wa maneno, na hayo yalikuwa mengi kwake.

Njiani ndani ya gari alinieleza tofauti ya kazi ninayoijua na ninayoiendea. Ngozi ya ng'ombe inakwenda kuwa kiatu, na kiatu hakina sura. Ngozi ya nyara inakwenda kuwa mnyama tena. Inatiwa chumvi, inasafirishwa hadi kwao mgeni, fundi anaijaza, na kichwa na shingo na mabega vinatundikwa sebuleni, mnyama anawatazama watu wakila chakula cha mchana. Mkono ukiteleza karibu na jicho, au shingo ikikatwa kwa upana, mshono utaonekana maisha yote ya yule mgeni na ya watoto wake. Nilimsikiliza kwa furaha, maana nilikuwa sijawahi kuambiwa kwamba kazi yangu inaweza kutazamwa na mtu.

Tukafika kambini jua likiwa bado juu. Mtu wa kwanza niliyeonyeshwa ni Mzee Issa, mkuu wa wafuatilia nyayo, Mrangi wa milima ya Kondoa, mwembamba, kofia yake ya kufuma imekaa kichwani kana kwamba alizaliwa nayo. Kila mtu kule mnadani aliyekuwa anafahamu habari za porini alikuwa ameniambia maneno yale yale: ukifika, kaa karibu na Mzee Issa, kila unachohitaji kujua kiko kwake.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Ndiye mchunaji?"

"Ndiye. Chilongani."

"Mgogo." Akanitazama kuanzia miguuni. "Haya. Usitutengenezee ngoma kwa ngozi za wageni."

Sisi Wagogo ngoma ndiyo sifa yetu; nikacheka, akacheka, nikadhani mambo yamekaa sawa. Kisha nikaenda jikoni kuomba maji, nikaona sufuria mbili mekoni. Moja ilikuwa ya nyama, nyingine ya maharage. Simoni, mpishi wetu, aliona ninavyozitazama.

"Ya nyama ni yetu sisi," akasema. "Maharage ni ya akina Mzee Issa."

"Hawali nyama?"

"Wanakula sana. Ila hapa hawaipati."

Akanisimulia huku akikuna nazi. Msimu uliopita mgeni mmoja alipopelekewa mnyama wake akakuta shingoni kuna mshono, akalalamika hadi maneno yakafika mbali. Desturi ya akina Mzee Issa ilikuwa kwamba risasi ikilia, wao wanakimbia na kisu, wamfikie mnyama kabla hajakata roho, wamchinje, nyama iwe halali. Baada ya malalamiko yale Bosi akapiga marufuku. Hakuna kisu shingoni mwa mnyama yeyote, hata wa kitoweo, kwa sababu wageni huamua kutundika wakishamwona mnyama chini. Tangu hapo kila mnyama alikufa kwa risasi tu, na kwa Mwislamu nyama hiyo ni kibudu, hailiwi. Wale wanaotembea kutwa wakifuata nyayo, wanaobeba mapaja begani mpaka garini, walikuwa wakirudi kambini kula maharage.

"Na Mzee Issa ameshasema," Simoni akamalizia. "Safari hii anaimaliza kwa sababu alitoa ahadi. Baada ya hapo anarudi Kondoa kulima. Wenzake nao watamfuata."

Nilikaa pale na kikombe changu cha maji nikajisikia vibaya kweli. Nilikuwa nimekuja kujifunza kwa mtu ambaye alikuwa amebakiza safari moja. Nikamuuliza Mzee mwenyewe jioni ile kama ni kweli. Akasema ni kweli, na kwamba hana ugomvi na Bosi. "Kambi ni yake, sheria ni yake. Tumbo ni langu." Baadaye niligundua kwamba Bosi naye hakutaka Mzee aondoke. Ila alikuwa ameshatoa amri mbele ya watu, na mnawajua mabosi.

Mgeni akaja. Aliitwa Henrik, mzee mrefu mwenye mashavu mekundu, kutoka Denmark. Kwao alikuwa amewinda tangu ujana, lakini hii ilikuwa safari yake ya kwanza kuwinda nje ya nchi yake, na alikuwa na hamu moja tu: tandala mkubwa dume, yule mwenye pembe za kujisokota na ndevu ndefu zinazoning'inia chini ya shingo. Alituonyesha picha kwenye simu ya ukuta wa sebuleni kwake. Katikati ya ukuta palikuwa na nafasi tupu, na msumari tayari umepigiliwa. Nikampenda palepale.

Makosa yake ya siku ya kwanza nawaandikia ili mkipata mgeni kama huyo msimcheke, au mcheke mkiwa mbali. Alishuka garini amevaa nguo za mabaka kama za jeshi. Afande Neema, askari wa wanyamapori aliyepangiwa kufuatana nasi, alimsalimia vizuri, akamkaribisha, kisha akamweleza kwa upole kwamba nguo hizo katika nchi yetu raia havai. Henrik akaenda hemani akarudi na shati la buluu iliyokoza. Hilo halikuwa kosa kwa sheria, lilikuwa kosa kwa mbung'o. Mbung'o wanaipenda buluu kuliko kitu chochote, na kufikia mchana walikuwa wamemjaa mgongoni mpaka Mzee Issa akasema tumpeleke mbele, sisi wengine tupumzike. Viatu vyake vilikuwa vipya vikilia kila hatua. Sabuni yake ilinukia maua. Simoni akampa sabuni ya kipande ya kufulia, mimi nikampa shati langu la kaki, likamwishia juu ya viwiko.

Kisha ikajulikana habari ya kazi yake. Bosi alitafsiri kutoka Kiingereza kwamba Bwana Henrik kwao ni mfugaji wa nguruwe, wengi sana, banda baada ya banda. Warangi, Mzee Issa na wenzake, wakatazamana. Mzee Issa akalifikiria jambo hilo kwa muda.

"Mwambie," akasema, "mifugo ni kazi ngumu popote."

Asubuhi zilizofuata zilikuwa za raha ambayo sijui kuielezea. Mchunaji kwa kawaida hukaa kambini akisubiri, lakini Mzee Issa alisema mchunaji asiyejua mnyama alivyotembea hatajua alivyojengwa, kwa hiyo akanichukua. Kiangazi kilikuwa kimekolea, upepo wa alfajiri wa Dodoma unakata masikio. Mzee alibeba soksi kuukuu ya mtoto iliyojaa majivu. Aliitikisa, majivu yakatoka kama moshi mdogo, akatazama yanakokwenda, kisha akageuza msafara mzima. Tulikuwa tunatembea nusu saa kuzunguka kilima ambacho tungekivuka mara moja, kwa sababu tu ya majivu. Henrik alikuwa akiitazama soksi ile kwa heshima kuliko alivyotazama darubini yake.

Mzee alinionyesha kwato za tandala zilivyo nyembamba mbele, tofauti na za pofu, mnyama mzito kama ng'ombe. Alinionyesha majani yaliyong'atwa juu kuliko mbuzi anavyoweza kufikia. Akachukua kinyesi akakivunja kwa vidole, akaninusisha, akaniuliza ni cha lini. Nikasema cha jana. Akasema cha asubuhi hii, kilipigwa na jua kikakauka juu, nami ningesema cha jana kwa sababu mimi ni mtu wa mnadani. Nikaona aibu na furaha pamoja. Kila siku nilirudi kambini miguu inawaka na kichwa kimejaa, halafu nikamwona Mzee anapakua maharage.

Henrik naye aliona. Alikuwa na tabia ya kuja jikoni kuotea moto mikono, na jioni moja akauliza kwa nini wazee wale wanakula tofauti. Bosi akamweleza bila kuficha. Henrik aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo msumari wangu ndio unaowanyima nyama?"

"Ni sheria ya kambi," Bosi akasema.

"Ningemwambia akate," Henrik akasema, "lakini nitakuwa mwongo nikisema haitaniuma kuona mshono." Akamgeukia Mzee Issa. "Samahani. Nimemngoja huyu mnyama tangu nikiwa kijana."

Bosi alipotafsiri, Mzee Issa akaitikia kwa kichwa. Nadhani alimheshimu kwa kusema ukweli. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikajikuta nazungumza. Nilisema tatizo si kisu, tatizo ni upana. Ngozi ikipasuka kwa urefu, kufuata manyoya yanavyolala, fundi anaishona na manyoya yanafunika. Na tandala dume ana zile ndevu. Chini kabisa, shingo inapokutana na kifua, ukipasua mahali padogo kwa urefu, hata mimi nitapatafuta nisipaone.

"Chini kifuani si kuchinja," kijana mmoja wa Kirangi akasema.

"Ngamia huchinjwa hapo," akasema Mzee Issa taratibu. "Kwenye shimo la shingo. Tulifundishwa madrasa. Lakini tandala si ngamia." Akafikiri. "Kisu kiingie kwa urefu, kisha nikigeuze ndani. Koo na umio vikatike kule ndani, nje pabaki padogo. Mkono wangu unaweza. Ila sijui kama inakubalika, na sitawalisha watu kitu nisichokijua."

"Utamuuliza nani huku porini?" Bosi akasema.

"Maalim wangu yuko Kondoa. Ana simu."

Simu kambini haikushika mtandao. Ilishika juu ya kilima kimoja, ukisimama kwenye jiwe fulani na kuelekea Mtera. Basi kesho yake asubuhi, badala ya kwenda kuwinda, msafara mzima ulipanda kilimani kusubiri jibu la dini, mgeni kutoka Denmark akiwa amekaa garini na bunduki yake kwenye mfuko, Afande Neema akichezea kofia, na sisi tumezunguka jiwe. Mzee akaweka sauti ya nje ili tusikie wote.

Salamu zilikwenda mbali. Mvua, mtama, watoto, mguu wa Maalim. Hatimaye Mzee akaeleza shida yake.

"Tandala ni yule mwenye pembe za kujisokota?" Maalim akauliza.

"Ndiye."

"Nyama yake tamu. Sasa sikiliza. Awe hai. Kisu kiwe kikali. Jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Koo na umio vikatike. Ngamia tunamchinja shingo chini na ng'ombe shingo juu, ndiyo sunna, lakini mwenye udhuru akigeuza, nyama haiharamiki. Yote ni shingo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Maalim."

"Ila awe hai, Issa. Usinipigie tena kuniuliza kama nusu hai inatosha."

Tukashuka kilimani tunacheka kama watu waliotoka harusini. Bosi hakucheka. Alituita mimi na Mzee pembeni ya gari. "Nitawaruhusu," akasema. "Lakini nikiuona mshono kwenye ngozi ile, Mzee utakwenda Kondoa mapema, na huyu Mgogo wako atarudi mnadani." Tukasema sawa. Nilisema sawa kwa sauti kubwa kuliko nilivyokuwa nimekusudia.

Tulijaribu kwanza kwa swala pala. Henrik alimpiga wa kitoweo pembezoni mwa mto wa mchanga, swala akaruka, akaanguka nyuma ya kichaka. Mzee Issa akachomoka. Vijana, nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa umri ule akikimbia namna ile, kofia mkononi, shati linapepea. Henrik alidhani tunakimbia simba akaanza kutafuta mti. Nilimfikia Mzee wakati ameshapiga goti kando ya swala, kisu mkononi. Lakini hakukata. Alinyoosha kidole, akagusa mboni ya jicho la swala taratibu. Kope halikutikisika. Akagusa tena.

"Huyu amekwenda," akasema, akarudisha kisu alani.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba damu bado ina moto, na wenzake wako mbali, hakuna aliyeona.

"Damu ya moto si uhai," akasema. "Wenzangu watakula kwa sababu mimi nimesema. Sasa niseme nini?"

Jioni ile Warangi wakala maharage. Hakuna aliyenung'unika, ila mimi nilimpa Simoni sahani yangu ya nyama. Lakini yule swala hakupotea bure. Kabla ya kumchuna nilimwonyesha Mzee kwa ncha ya kidole mahali penyewe, pale shimo la shingo linapoanza, na manyoya yanapolala kuelekea chini. Yeye akanionyesha mkono: kisu kinaingia kimesimama, kinageuka ndani, kinatoka kimesimama. Alifanya mara moja tu. Nikachuna, nikaosha, tukampelekea Bosi ile ngozi ya shingo, tukamwambia atafute. Aligeuza mpaka akachoka. "Swala hana ndevu na bado sijaona," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Ikabaki tandala. Siku za kibali cha Henrik zikawa zinayoyoma. Tuliona majike, tuliona dume mchanga, tuliona kwato za dume mkubwa zikipanda kilima na kutoweka kwenye mawe. Mzee alizifuata mara ya pili, mara ya tatu. Henrik alikuwa amejifunza kutembea sasa, viatu vimelainika, anakanyaga pale Mzee alipokanyaga, anasimama Mzee akisimama, hata soksi ya majivu akaanza kubeba yeye. Usiku alikuwa hasemi habari za ukuta wake tena. Alikuwa anauliza habari za nyayo.

Siku ya mwisho, asubuhi, tulikuwa tumelala kifudifudi juu ya kilima Mzee Issa aliponigusa bega. Hakunyoosha kidole, alinyoosha kidevu. Ng'ambo ya korongo, katikati ya vichaka vya kijivu, kulikuwa na mstari mweupe mwembamba, kisha mwingine, kisha nikaona kwamba kichaka kina pembe. Dume lilikuwa limesimama likitazama upande mwingine. Pembe zilijisokota zikarudi zikajisokota tena, na ncha zake zilikuwa nyeupe. Bosi akasimamisha fimbo tatu za kuegemezea bunduki, Henrik akainuka taratibu akaweka mtutu juu yake. Nilimsikia akivuta pumzi, akaiachia nusu.

Risasi ililia ikarudi mara kadhaa kutoka milimani. Tandala akaruka juu kama aliyeungua, akaingia vichakani, tukasikia mawe yakiporomoka.

Tukateremka korongoni mbio, Mzee mbele, mimi nyuma yake, Bosi na Henrik na Afande Neema wakifuata, Warangi wengine wakishangilia kilimani. Niliteleza, nikaamka, nikateleza tena. Tulimkuta upande wa pili, amelala ubavu kwenye mteremko, miguu ya nyuma inapiga hewa. Mzee alikuwa ameshachomoa kisu.

"Simama!" Bosi akaita. Akamfikia akamshika mkono. Akamwambia Henrik ampige tena, na alikuwa sahihi. Pembe zile zinaweza kumtoboa mtu, na mwindaji bingwa hamruhusu mtu wake asogee mnyama akiwa anapiga miguu. Lakini sote tulijua risasi ya pili kwa umbali ule ingemuua papo hapo, kabla ya kisu. Mzee Issa alijua kuliko wote. Alisimama na kisu chake kimeelekea chini.

Henrik akainua bunduki. Akalenga. Kisha akainua jicho kutoka kwenye darubini ya bunduki, akamtazama Mzee, na kitako cha bunduki kikiwa bado begani, akasema neno moja tu, "Issa."

Bosi akamwachia Mzee mkono. "Nenda. Pitia mgongoni. Chilongani, pembe."

Sikumbuki kwamba niliogopa. Nilizunguka kwa mgongoni nikazishika pembe zote mbili karibu na kichwa, nikajilaza juu yake, na yule mnyama akanivuta kama mtoto anavyovuta shuka. Nikang'ang'ania. Uso wangu ulikuwa karibu na uso wake kiasi kwamba niliona mchanga kwenye kope zake. Mzee akapiga goti. Akanyoosha kidole kilekile, akagusa jicho.

Kope likafumba.

"Bismillahi, Allahu Akbar." Kisu kikaingia kimesimama, nikaona kifundo cha mkono wake kikigeuka, kikatoka kimesimama. Damu ikaja kwa nguvu, miguu ikapiga, ikapiga polepole, ikatulia. Nikabaki nimelala pale pale, pembe bado mikononi.

Warangi wengine walikuwa wameshafika wamesimama juu yetu, wote wakimtazama mtu mmoja. Mzee alikaa na goti lake chini muda mrefu, kisu kwenye majani, kama anayemsikiliza mnyama. Nilikumbuka yule swala nikaanza kusali kwa namna yangu.

"Alikuwa hai," akasema.

Sijui nani alianza kupiga makofi. Najua Afande Neema alipiga vigelegele, jambo ambalo halimo kwenye kazi ya askari wa wanyamapori, na Henrik akawa anashikana mikono na kila mtu mara mbili mbili, machozi yanamtoka waziwazi, anarudia maneno ambayo hata Bosi hakuyaelewa kwa sababu yalikuwa ya lugha ya kwao.

Kambini, kwenye banda la kuchunia, nikaanza kazi yangu. Nilipasua nyuma ya shingo, kutoka mabegani hadi kisogoni, nikazunguka pembe, nikageuza masikio nje ndani, nikafungua midomo na pua kwa kisu kidogo, bila haraka, huku harufu ya mbavu zinazochomwa inanifikia kutoka jikoni. Hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu, mnakimbilia kula. Nilipomaliza nikaitandaza kivulini, si juani, nikaanza kuipaka chumvi. Bosi akaja. Akapitisha vidole kwenye ndevu za shingo, juu mpaka chini, chini mpaka juu. Akamwita Henrik naye akatafuta. Ikabidi niwaonyeshe. Pale palipopasuliwa, manyoya yalikuwa yamejifunga yenyewe.

"Utabaki," Bosi akaniambia. Nikashukuru, lakini macho yangu yalikuwa jikoni.

Mzee Issa alikuja bandani na sahani mkononi, ubavu mzima wa tandala juu yake, anatafuna wima. Alikuwa na mafuta kidevuni. Akasimama kando yangu akaitazama ile ngozi, akala, akatazama tena.

"Bosi," akasema, "mgeni anayefuata anafika lini?"

Bosi aligeuka polepole. "Wiki ijayo. Si ulisema unakwenda kulima?"

"Nilisema." Mzee akautupa mfupa, akanionyesha kwa kidevu. "Lakini huyu hajui kutofautisha kinyesi cha leo na cha jana. Nikimwacha hivi watu watauliza alifundishwa na nani."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijatukanwa tena vizuri namna ile. Nilitaka kufuta macho, ila mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa chumvi, ikabidi niinamie ngozi na kuendelea kupaka.